Mkwe Hakaguliwi

Mtaa mzima ulijua kwamba Breki haogopi kitu, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyewaambia. Aliwaambia kinyozini, aliwaambia msibani, aliwaambia hata kwenye foleni ya maji, mahali ambapo mtu husikiliza kwa kuwa hana pa kwenda. Jina hilo alilipata gereji ya mabasi, alikotengeneza breki mpaka nywele zikawa nyeupe na kucha zikabaki nyeusi. Sasa amestaafu, lakini basi likifunga breki pale njia panda, huinamisha sikio kama daktari, kisha hutikisa kichwa. "Hilo halimalizi mwezi," husema, na abiria waliomo hawana habari.

Katika hadithi zake zote, iliyonona kuliko zote ilikuwa ya nyuki. Ujanani, alisimulia, aliwahi kukimbizwa na kundi la nyuki lililokuwa kubwa hata jua likafichika na kuku wakaingia bandani kulala. Alipiga mbio, akampita mtu wa baiskeli, akampita mtu wa pikipiki, akajitosa kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Humo chini ya maji akavuta pumzi kwa kikonyo cha jani la mpapai mpaka nyuki wakachoka wakaenda kutafuta mtu mwingine. Birika hilo liliongezeka kina mwaka hadi mwaka. Alipostaafu lilikuwa limeshakuwa bwawa, lina mamba, na mamba mwenyewe alikuwa amehama kwa kuwaogopa nyuki.

Mkewe peke yake ndiye aliyejua ukweli. Inzi mnene akivuma dirishani, bwana huyu hupanda kitandani na viatu.

Mambo yalimfika pale kitinda mimba wake, binti aliyeuza dawa kwenye duka la sokoni, alipopata mchumba. Kijana alikuwa mfugaji wa nyuki na mwalimu wa kuwafuga. Walijuana kwa sababu alikuwa akienda kununua dawa ya uvimbe, na baada ya muda akawa anakwenda hata asipovimba.

Breki alikuwa na tabia ya kurudisha wachumba. Mmoja alimrudisha kwa sababu anaendesha gari kasi. Mwingine alimrudisha kwa sababu anaendesha polepole mno, kana kwamba ana siri. Huyu wa tatu hakuwa na gari, kwa hiyo Breki akakosa pa kushika. Washenga walipokaa sebuleni na kusema lililowaleta, alikohoa, akanyoosha mgongo, akasema: "Siwezi kumtoa mwanangu kwa mtu ambaye kazi yake siijui. Nitakwenda niione kwanza. Niiguse kwa mkono huu."

Aliona hapo amefunga breki sawasawa. Mzee kwenda kuona nyuki ni jambo la kupangwa, na jambo la kupangwa huweza kupangwa mpaka watu wakasahau. Lakini washenga walirudi kabla viti havijapoa. Kijana anashukuru kwa heshima aliyopewa, wakasema. Ana darasa la wanaoanza, Jumamosi asubuhi, na mzee ameshawekewa nafasi.

Usiku huo Breki aliisukuma sahani kabla haijaisha. Binti alikuwa akiondoa vyombo. Akasimama na sahani mkononi.

"Baba, neno lako nitalifuata. Ukirudi ukasema hapana kwa sababu umeona ubaya, nitasema ahsante baba, na yaishe. Lakini ukisema hapana kwa sababu umeogopa, nitajua."

"Utajuaje?"

"Utasimulia sana."

Jumamosi asubuhi mkewe alikuwa akimkunjia shati. "Mume wangu," akasema bila kuinua uso, "kuna inzi hapo nyuma yako." Breki alikuwa ameshainua mguu mmoja kuelekea kitandani alipogundua kwamba hakuna inzi.

"Nilitaka tu nione utakavyofanya huko," mkewe akasema, akampa shati lake.

Aliyesema fuata nyuki ule asali hakusema nyuki wakikufuata wewe unakula nini. Breki alilifikiria hilo njia nzima.

Darasa lilikuwa chumba kirefu cha bati, chenye mabenchi na harufu ya nta na moshi uliolala. Ukutani kulikuwa na picha ya nyuki aliyekuzwa akawa mkubwa kama mbuzi, miguu ina nywele, macho hayana huruma. Breki alichagua kiti cha mbali na picha, akakuta kiti hicho kiko karibu na dirisha, akahama, akajikuta chini ya picha tena.

Wanafunzi wengine walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kinyozi wa jirani, mwembamba, aliyekuja kwa kuwa ameusikiliza uongo wa wazee vya kutosha na sasa anataka kazi ya kimya. Mwingine alikuwa mama mmoja muuza mkaa, mabega kama ya mpiga mieleka, ambaye kila mtu alimwita Mama Mkaa.

"Nimechoka kukohoa vumbi jeusi," alijieleza. "Nataka biashara ambayo nikijifuta uso kitambaa kinabaki cheupe. Wewe baba, umefuata nini?"

"Mimi nakagua," Breki akasema.

Mwalimu wa nyuki aliingia na kuwasalimu, na Breki akamwitikia kwa kope tu. Kijana alikuwa mrefu, mtaratibu, anasema kwa sauti ya chini kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Alifundisha vizuri, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu kila alichokieleza kilieleweka.

"Nyuki akikuchoma, mwiba unabaki kwenye ngozi yako," alisema. "Na ule mwiba una harufu. Harufu hiyo inawaambia wenzake: ni hapa. Kwa hiyo akichoma mmoja, wengine wanajua pa kuchoma."

"Yaani ni kama umewapigia kengele ya chakula," Mama Mkaa akasema.

"Ndiyo hivyo, mama. Kwa hiyo usimbane, usimpige, usipunge mikono. Na hata itokee nini, ukiwa mbele ya mzinga uliofunguliwa, usikimbie. Ukikimbia utagonga kitu, na ukigonga kitu hutalipa peke yako. Watalipa wote waliosimama hapo."

Ulimi wa Breki ulikauka ukawa kama soli ya kiatu. Maisha yake yote, mpango wake kuhusu nyuki ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mguu niponye. Sasa hata huo umepigwa marufuku.

Aliona jambo jingine pia. Kijana alimuuliza kinyozi maswali, akamsahihisha Mama Mkaa, akamrudisha kinyozi tena pale alipokosea. Lakini zamu ilipofika kwa Breki, aliinamisha kichwa kidogo na kusema, "Na hili mzee bila shaka analijua." Mzee hakulijua. Mzee alijua jambo moja tu, kwamba kibofu kimejaa, na alikwenda chooni, akarudi, akakaa, akakuta kimejaa tena.

Wakati wa kuvaa ulipofika, walipewa ovaroli nyeupe nzito, kofia za wavu, glavu za mpaka kwenye viwiko na mabuti. Ovaroli zilikuwa na zipu ndefu kutoka kidevuni mpaka kule chini, na zipu hiyo ilikuwa na vishikio viwili: kimoja cha kufungulia kutoka juu, kingine cha kufungulia kutoka chini, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuvaa akabanwa na haja ndogo. Aliyeibuni alikuwa mtu mwenye busara, na Breki alimshukuru kimoyomoyo.

Yake ilimbana. Juu ya suruali yake ya sufu haikupanda hata kidogo, kwa hiyo akaingia stoo, akaivua suruali, akaitundika msumarini, akabaki na bukta. Bukta yenyewe ilikuwa ya zamani, imelegea miguuni, ina hewa ya kutosha. Ovaroli ikapanda. Akavuta zipu, akavaa buti, akavaa glavu. Kisha akasikia, kupitia ukuta wa bati, mvumo mdogo kutoka huko nyuma, akakimbilia chooni kwa mara nyingine, na huko akahangaika na kile kishikio cha chini kwa vidole vya glavu vinene kama ndizi mbichi. Alitoka haraka, asije akaachwa na wenzake peke yake.

Mwalimu aliwapanga mstari kuwakagua. Alipiga goti mbele ya kinyozi, akakaza utepe wa mpira juu ya mabuti yake, akapitisha kidole shingoni, akaangalia zipu. "Hii haijafika mwisho. Vuta. Nyuki hahitaji mlango, anahitaji ufa tu." Alimzunguka Mama Mkaa, akamwambia apinde wavu hapa, aingize mkono wa nguo ndani ya glavu hapa. Halafu akafika kwa Breki.

Akasimama. Macho yake yakashuka kutoka kofia kwenda kifuani, yakaendelea kushuka, kisha yakaruka juu ghafla, kama mtu aliyeshika mpini wa sufuria bila kujua ni ya moto. Akakohoa. Akatazama ukutani. Akatazama dari.

"Mzee," akasema. "Mzee, labda... Mzee yuko..." Akameza mate. "Haya, twendeni."

"Mbona mzee hukumkagua?" Mama Mkaa akauliza kutoka nyuma.

"Mzee ni mzee, mama."

"Kwani nyuki wanaheshimu mvi?"

Kijana akachukua bomba lake la moshi na kutangulia. Breki alikuwa ameyaona macho yale yakimkimbia, na katikati ya hofu yake akapata ahueni ndogo. Mtu anayekwepa macho ana jambo. Huenda ana mke mahali, huenda ana deni, huenda ana vyote. Sasa amepata ubaya wa kumpelekea binti, ubaya halisi, usiohusu nyuki. Kilichobaki ni kuugusa mzinga mara moja na kurudi nyumbani akiwa hai.

Njia ilishuka nyuma ya banda, ikapita kwenye nyasi, na huko chini mizinga ilikuwa imepangwa juu ya vichanja, masanduku ya mbao yaliyokandamizwa kwa mawe juu ya vifuniko. Breki alijua sauti za injini. Aliweza kutambua injini ya basi ikiwa bado iko mtaa wa pili. Lakini mvumo huu haukutoka upande wowote. Ulitoka ardhini, ukapanda kwa soli za buti, ukapita kwenye magoti, ukamfika kwenye meno. Ilikuwa injini isiyo na dereva, na ilikuwa inanguruma tangu kabla hajafika.

Jasho jembamba lilimtiririka mgongoni. Nyuki wa kwanza akatua kwenye wavu, mbele kabisa ya jicho lake, akaanza kutembea juu yake kwa miguu ile yenye nywele. Tumbo la nyuki lilikuwa likipanda na kushuka. Breki aliona kila kitu, hata vitu ambavyo picha ya ukutani ilikuwa imeficha kwa huruma.

Mwalimu alipuliza moshi mlangoni mwa mzinga mmoja, akasubiri, akaondoa jiwe, akachomeka patasi na kunyanyua kifuniko. Gundi ya nyuki ikatoa sauti ya kukatika, na mvumo ukapanda. Sauti iliyokuwa kama ya paka aliyeshiba ikawa ya paka aliyekanyagwa mkia. Humo ndani viunzi vya masega vilikuwa vimepangana kama mafaili, na juu ya kila kiunzi walikuwa wao, wamejaa, wanatembeana migongoni.

"Mzee atatangulia," kijana akasema. "Ni haki yake."

Breki alitaka kusema kwamba haki hiyo anaweza kumwachia kinyozi. Lakini alikumbuka sahani mkononi mwa binti yake, na lile neno, nitajua. Akajikaza kisabuni. Akanyoosha mikono, na kijana akatoa kiunzi kimoja taratibu, akakiweka katikati ya viganja vyake.

Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Pande zote mbili nyuki walikuwa wamekifunika, na kwa kupitia glavu alihisi joto lao. Aliambiwa ashike kwa ncha, ashike wima, asikitikise. Alikishika. Alikuwa anakishika. Akaanza kufikiri jinsi atakavyoisimulia hii, na hapo ndipo alipohisi upepo.

Ulikuwa upepo mdogo wa asubuhi, mtamu, na ulimpuliza mahali ambapo mtu aliyevaa ovaroli hapaswi kupulizwa.

Damu ikamwisha usoni. Chooni. Glavu. Kile kishikio cha chini. Alikuwa amekishusha, na sasa, kwa kila alivyojaribu kukumbuka, hakukumbuka kukipandisha. Alitaka kuinama aangalie, lakini mbele yake kulikuwa na kiunzi, na juu ya kiunzi kulikuwa na taifa zima.

Kisha kitu kikamgusa pajani, upande wa ndani. Kitu kidogo, chenye miguu mingi. Kilisimama, kikatembea, kikasimama tena, kama mtu anayenyata ndani ya nyumba isiyo yake akitafuta swichi ya taa.

Breki aliacha kupumua. Mwili mzima ulimwambia kimbia, na miguu ilikuwa tayari, hata kisigino kimoja kikanyanyuka. Akimbie, atupe kiunzi. Atupe kiunzi, hawa wote watapanda juu kama moshi, na kushoto kwake yupo kinyozi ambaye hana nyama ya kuchomwa mara mbili, na nyuma yupo Mama Mkaa. Hutalipa peke yako. Nyuki wa pili akaingia. Alimsikia akiingia, au alidhani amemsikia. Huyu hakuwa mnyatiaji. Huyu alikuwa na haraka na alikuwa anapanda.

Miaka yote hiyo Breki alikuwa akisimamisha mabasi yaliyojaa watu kwa kulala chini yake na kukaza kitu kisichozidi ukubwa wa sahani. Alikuwa akiwaambia wanagereji: gari bila mwendo ni kibanda, gari bila breki ni jeneza. Sasa akakishusha kile kisigino mpaka kikagusa ardhi. Akakishikilia hapo. Machozi yalikuwa yanamtoka ndani ya wavu, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Mwalimu," akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Kijana aligeuka mara moja.

"Naam, mzee."

"Nyuki wameingia."

"Wameingia wapi, mzee?"

"Mahali."

"Mahali gani?"

Breki akafumba macho, na gizani humo akayaona tena macho ya kijana yakishuka, yakiruka, yakitafuta dari. Akaelewa kila kitu kwa wakati mmoja.

"Mahali ulipopaona ukakohoa," akasema.

Kinyozi alikuwa amegeuka sanamu. Mama Mkaa alisema polepole kutoka nyuma, "Mimi sijasikia kitu, baba. Na nimegeuka. Nimegeuka zamani."

"Nisamehe, mzee," kijana akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka pia. "Niliona. Sikujua niseme vipi. Wewe ni kama..."

"Usiniombe msamaha." Nyuki mwenye haraka alikuwa amefika mahali ambapo Breki aliapa kutopataja hata kwa mkewe. "Niamrishe."

"Mzee, mimi siwezi..."

"Niamrishe, kijana, la sivyo wajukuu sahau."

Kijana akavuta pumzi. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine, fupi na ngumu. "Usibane mapaja. Tanua miguu kidogo. Pumua kwa pua. Usiseme tena."

Breki akatanua. Akapumua. Mikono miwili ikaja ikachukua kiunzi kwake, ikakirudisha ndani ya mzinga taratibu kama mtu anayerudisha mtoto kitandani, na kifuniko kikashuka. Kisha lile bomba la moshi likasogezwa chini, kwenye ule ufa, na kijana, uso ameuelekeza kwenye kilima cha mbali, akapuliza.

Kinyozi husimulia mpaka leo kwamba moshi ulitokea shingoni mwa mzee, ukatoka na kwenye mikono ya ovaroli, na kwamba alionekana kama jiko lililovaa nguo. Breki hakuona hayo. Yeye alihisi moto wa sindano moja, kule ndani ya paja, ukampanda mpaka nyuma ya macho. Wale wanaosema haiumi ni waongo, na Breki alikuwa mtu wa kujua waongo. Iliuma kama alivyoogopa miaka yote, wala haikupungua hata kidogo. Lakini hakukimbia.

"Amenichoma," akasema kwa midomo iliyobana.

"Najua. Moshi unaficha ile harufu. Sasa geuka. Tembea. Polepole zaidi. Nimesema polepole."

Wakatembea kuelekea bandani, Breki mbele, miguu imeachana kama mtu aliyeshuka farasini, kijana nyuma akipuliza moshi. Walipoingia, kijana akasimama mlangoni akimpa mgongo, akampigia amri moja baada ya nyingine bila kugeuka. Vua glavu. Fungua yote. Kung'uta, usipige. Mwiba usiubane kwa vidole, ukwangue kwa ukucha, pembeni. Nyuki mwenye haraka akatoka dirishani kama mtu aliyechelewa kazini. Yule mnyatiaji alianguka sakafuni, na Breki akamtazama akifa. Hakuwa mkubwa kama mbuzi. Alikuwa kama punje ya maharage.

Breki alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na bukta yake, akitetemeka wazi sasa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona ila mgongo wa kijana.

"Uliiona zipu," akasema.

"Niliiona, mzee."

"Ukaniacha niende."

"Nilitafuta neno njia nzima. Nitamwambiaje mtu ninayeomba anipe binti yake kwamba... Ni heshima, mzee. Heshima si utumwa."

"Wala si kaburi." Breki akajipangusa uso kwa kofia ya wavu. "Gereji kwetu, mwanafunzi akiona nati imelegea akanyamaza kwa sababu fundi ni mkubwa wake, hatukumwita mwenye adabu. Tulimwita muuaji, na tulimfukuza kabla ya chai. Umemkagua kinyozi. Umemkagua yule mama wa watu. Mimi ukanipa heshima, na heshima haina zipu."

Mgongo wa kijana ukainama. Nje, Mama Mkaa alikuwa akimwambia kinyozi, kwa sauti ambayo aliamini ni ya chini, kwamba wahenga walishasema mficha uchi hazai, na kwamba leo amejua walikuwa na maana gani.

"Mzee," kijana akasema, "jibu lako ukimpelekea binti yako, usimwambie kwamba kazi hii ni mbaya. Mwambie mimi nilikosea. Kazi haikukosea."

Breki akamalizia kuvua ile ovaroli, akaichukua suruali yake ya sufu kwenye msumari, akaitazama kitambo. Kisha akaivaa. Alipotoka, kijana alikuwa ameshawaaga wenzake wawili na kusema atamsindikiza mzee mpaka nyumbani, maana mtu akichomwa mara ya kwanza huangaliwa asije akavimba koo.

Wakashika njia. Breki alitembea kwa kuchechemea, miguu mbalimbali, paja likimwaka. Suruali alikuwa ameivaa ndani nje. Mishono yote ilikuwa inaonekana, na mifuko miwili ilining'inia nje ubavuni kama masikio ya mbuzi. Watu waliopita walitazama, wakatazama tena. Mtoto mmoja alicheka, akavutwa mkono na mama yake.

Breki alimtazama kijana kwa pembe ya jicho. Aliona macho yakishuka kwenye mifuko. Aliona yakiruka juu. Akasikia kikohozi.

Na hapo, kwa mshangao wake mwenyewe, hofu ikamrudia, na haikuwa ya nyuki. Aliogopa kwamba kijana atanyamaza. Aliogopa kwamba watafika nyumbani hivi hivi, kimya na adabu, na itambidi asimame mbele ya binti yake na kusema hapana, na mara hii awe na sababu ya kweli. Hakuitaka sababu hiyo. Alikuwa ameisikia ile sauti fupi, ngumu, iliyomwambia tanua miguu, na aliitaka karibu na mwanawe siku zote. Wakapita duka la viatu. Wakapita fundi redio. Kona ya nyumbani ikaonekana, na kijana bado anameza mate. Breki akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Alikuwa hajawahi kumwombea mtu afungue mdomo kama alivyoomba hapo.

"Mzee, simama."

Breki akasimama. Neno hilo alikuwa akiyaambia mabasi maisha yake yote, na hakukumbuka mtu aliyewahi kumwambia yeye.

Kijana alikuwa amesawijika uso, lakini alimtazama machoni. "Suruali umeivaa ndani nje. Mifuko inaonekana. Usiingie nyumbani hivyo."

"Najua," Breki akasema.

"Unajua?"

"Tangu kule bandani. Nilikuwa nasubiri." Akaipapasa ile mifuko iliyoning'inia. "Umechelewa kidogo. Lakini breki inayochelewa hukazwa. Inayoogopesha ni ile isiyoshika kabisa. Twende."

Binti alikuwa mlangoni, mkewe nyuma yake akiwa na kitambaa cha vyombo. Binti alimtazama baba yake kuanzia mvi mpaka kwenye ile miguu iliyoachana, akaiona mishono, akaiona mifuko. Akamtazama na kijana aliyesimama nje ya lango, mikono mbele, amekosa pa kuiweka. Alikuwa amejiandaa kusikiliza hadithi ndefu.

"Baba," akasema. "Suruali."

"Nimeshaambiwa," Breki akajibu, akipita taratibu kuelekea kwenye kile kiti chenye mto. "Mkwe wangu ameniambia."

Kisha akakaa, kwa upande mmoja, akanyamaza. Binti alisubiri aendelee, na alipoona haendelei, akajua.